Hatua Kumi na Tisa

Leifur Halldorson alifariki Februari
akangojeshwa hadi Mei kuzikwa,
ardhi ilipokubali koleo.
Ramani ya mabomba ilikuwa kichwani mwake.
Akaenda nayo.

Sasa ni Oktoba, nje ya Arborg, Manitoba.
Bomba la zizi la mashariki limepasuka, hatujui wapi,
na hakuna namna ya kulizima
ila kuzima shamba zima:
nyumba, banda, ng'ombe mia na arobaini
wanaolamba birika tupu
na kunitazama kama watu wa benki.

"Alikuwa akitokea hapa," anasema mkewe, Sigga,
anatoka pembe ya ghala, anahesabu,
mguu wa kushoto anauburuta
vilevile alivyouburuta marehemu.
Kumi na tisa. Anasimama.
"Hapa." Anatazama chini. "Au pale."

Tukachimba hapa.
Tukachimba pale.
Udongo mweusi futi mbili, kisha mfinyanzi wa kijivu
uking'ang'ania ndoo ya katapila
kama mtoto asiyetaka kuachishwa ziwa.
Mashimo mawili. Koki hamna.

Sigga akaketi juu ya tairi, akavua glavu.
Kimya kirefu. Kisha akacheka,
kicheko cha kwanza kukisikia kwake tangu Februari.
"Aliifukia mwaka themanini na moja!
Mguu ulikuwa mzima!"
Akainuka, mama wa miaka sabini na minne,
akarudi pembe ya ghala,
akatembea kama kijana mwenye haraka,
mapaja wazi, mabega nyuma,
hatua kumi na tisa ndefu,
mbali sana na mashimo yetu.

Futi nane. Nikashuka kwa ngazi
kati ya kuta za chuma, na ilikuwepo,
imeota kutu kama jino la mzee.

Mimi ni wa Kondoa.
Kwetu tulichimba mchanga wa mto mkavu
tuyatafute maji, mama akiwa na kata,
akiyangoja yajikusanye.
Huku nachimba niyafiche,
yalale chini kuliko mkono wa jalidi.
Sikumwambia Sigga haya.
Niliomba spana.

Koki mpya ni ya shaba, nzito kiganjani,
ina tundu dogo ubavuni:
ukiifunga, maji yaliyobaki juu yake
yanachuruzikia kwenye changarawe
yasije yakagandia shingoni.
Ndoo tatu za changarawe, basi.
Tofali chini yake, isitopee.
Halafu bomba la wima hadi juu ya nyasi, na kifuniko,
na ufunguo mrefu kupita kimo changu
wa kuizungusha ukiwa umesimama pakavu.

Akaizungusha yeye. Robo tu.
Zizi la mashariki likanyamaza,
na upande mwingine birika likaanza kukohoa,
likatema kutu, hewa, kutu,
kisha maji.
Ng'ombe wakasukumana.

Jioni nikapima kwa utepe,
nikaandika ndani ya mlango wa ghala kwa rangi nyekundu:
mita ishirini na moja na nusu, kaskazini.
Sigga akasoma, akanipokonya brashi.
Chini yake akaandika,
herufi zikiteleza kwenye mbao:
hatua 19.
Akafikiri.
Akaongeza: za Leifur, kabla ya mguu.