Mwanga Umepinda

Baba hakuhama. Jengo ndilo lililohama,
mara tatu, na limesimama palepale
nyuma ya soko, Lindi mjini:
sinema ya Karsan, ghala la korosho,
na sasa kanisa. Kila mwenye nalo
alipokea funguo kutoka mkono uleule
uliopungua kidole kwa mkanda wa jenereta.

Shaweji Nangomwa, mwendesha mashine.
Filamu zilikuja na lori kutoka Dar
ndani ya makopo ya duara kama vifuniko vya masufuria ya harusi.
Masika yakikata njia kule Ndundu
hazikuja. Basi ileile, majuma saba,
hadi wakata mkonge wakakijua Kihindi chake chote,
wakamjibu mjane wa kwenye filamu kabla hajalia.
Jumatano ilikuwa ya wanawake. Mama
aliingia na buibui la kuazima
akatoka, asema, na macho yake mwenyewe.

Mkanda ukikatika, mbinja.
“Shaweji! Shaweji!”
Sijui jina gani jingine mjini hapa
limepata kuitwa gizani na watu mia nne.

Zikaja video za vibandani. Karsan akaondoka na begi moja.
Viti vikauzwa kwa uzito wa chuma,
magunia yakakaa miaka kumi na mmoja,
na baba akalala kule juu, chumba cha mashine,
ili panya wajue pana mwenyewe.

Mchungaji Zefania alipaka chokaa.
Mvua ya kwanza ikazirudisha herufi: JUBILII.
Akazitazama sana.
“Ziacheni,” akasema. “Hata hilo limo katika Maandiko.”

Baba akabaki mlinzi. Jumapili hukaa mlangoni,
kofia ya viua, tasbihi mfukoni.
Akiwasikia wanaitikia Amina
kabla sentensi haijafika mwisho, hutabasamu:
anawajua watazamaji wa namna hii.

Mwaka jana wakanunua kimashine,
kidogo kama boflo,
cha kuandika nyimbo ukutani. Ukuta uleule.
Mistari ikapanda mlima, mingine ikamwagikia dirishani,
watu wakaimba nusu ya sifa.
Baba alivumilia Jumapili mbili.
Ya tatu nilikuwapo, nimemletea uji.
“Mwanga umepinda,” akanong'ona. Akasimama.

Akapita katikati, goti likimuuma,
na kanisa lote likamwona mzee wa kofia anakwenda mbele.
Haleluya! Mwanamke mmoja akaangua kilio.
Mchungaji akashuka, mikono wazi,
uso umelowa.

Baba akampita.

Akainama penye meza, akavua kandambili ya kushoto,
akaisokomeza chini ya mashine,
akafumba jicho moja,
akasogeza. Unene wa ukucha tu.

Maneno yakalala sawa.

Akarudi mlangoni, mguu mmoja peku,
akaomba uji wake.
Mimi nilikuwa nimekwisha tia vidole viwili mdomoni.
Nikavitoa.