Nafasi ya Kujaza

Fomu ilikuwa na mstari mmoja,
mfupi kama mkia wa mbuzi:
Eleza kwa nini umechagua masomo ya masafa.
Nikaandika: Kazi na familia.
Nikatia nukta. Kalamu ikabaki hewani,
maana mstari ule usingebeba gunia moja,
sembuse lumbesa.

Ningeanza na mizani, pale sokoni Kibaigwa,
ninaposimama tangu saa kumi na mbili
vumbi la mahindi likinipaka kope,
madalali wakibishania kilo mbili
kana kwamba ni mahari.
Mpimaji hapewi likizo ya miaka mitatu.
Akiondoka Jumatatu,
Jumanne kiti kina mtu,
na mtu huyo ni shemeji wa mtu.

Ningemtaja Nyemo na pumu yake ya Julai,
kipupwe kinapokoroma mabatini.
Ningetaja ada ya bweni: niliipigia hesabu kwa vidole,
kisha kwa kikokotoo,
jibu likaja lilelile, halina haya.

Lakini hizo ni sababu za fomu.

Niliwahi kwenda, jamani. Miezi minne.
Dodoma mjini, kule kilimani, madirisha ya vioo,
watu mia tatu ukumbini, kipaza sauti kinakohoa,
nami mstari wa nyuma nikisomea kisogo cha mtu.
Mhadhiri alitamka "mkulima"
kama anayemtaja marehemu.
Nilitaka kunyoosha kidole.
Sikunyoosha.
Nikarudi na begi. Shangazi Mbeleje akauliza,
"Umefukuzwa?"
Nikasema hapana. Hakuamini.
Mpaka leo haamini.

Sasa moduli inanifuata mimi.
Masafa yake ni hatua kumi na moja,
kutoka jiko la mkaa hadi meza ya cherehani.
Usiku, bando likishuka bei,
napanda kichuguu nyuma ya zizi
nikiwinda vistari viwili vya mtandao,
na mbwa wa kwa Ndahani
anatubwekea mimi na mhadhara.
Sura ya tano: wastani na mtawanyiko.
Naisimamisha sauti. Nairudisha nyuma.
Mhadhiri anarudia bila kununa.
Na safari hii nambishia, kwa sauti, gizani:
Mkulima yupo! Jana nimempimia magunia saba,
akalalamika kwamba mizani inamwibia,
nami nilijua hakukosea sana.

Sisemi ni asali.
Kuna swali hukaa kooni wiki nzima
na hakuna wa kulitemea.
Siku za mtihani, nikishuka mjini na basi la alfajiri,
nawaona vijana wa kule kilimani
wanagawana chipsi sahani moja,
wanacheka kitu,
na kitu hicho sikijui.
Inauma kidogo. Hapa.

Shangazi akiuliza tena nitamwambia nini?
Kwamba niliogopa? Niliogopa.
Kwamba nimechagua? Nimechagua.
Vyote viwili vinaingia kwenye gunia moja
na gunia linafungika.

Leo asubuhi gari la kwanza lilikuwa la Mpwapwa.
Mshale ukayumba, dalali akapiga kofi ubavu wa mizani:
"Soma, dada! Soma, tunachelewa!"
Nikamwambia, toa mkono wako.
Haujatulia.
Ukitulia,
nitasoma.