Risiti ya Funguo

Nimerudisha funguo. Karani, Delphine,
ameniandikia risiti, kana kwamba nilikuwa nadaiwa.
Miaka thelathini na mmoja ya kemia,
na kwenye mkono wa koti bado kuna tundu
la asidi ya Wendell, mwaka wa mafuriko.
Siku ile alilia yeye, si mimi.

Nusu ya vitabu imo lorini.
Nusu nimeiacha koridoni: "Chukua, ni bure."
Hadi saa kumi jioni
hakuna aliyechukua hata kamusi.

Ohio ikabaki nyuma na theluji yake chafu.
Mbele jangwa, nyumba ya udongo,
na jirani, Eusebio, mfuga nyuki,
aliyeniuliza tukishusha sanduku la mwisho:
"Wewe unajua kufanya nini?"
Nikafumbua mdomo kama mwanafunzi
aliyeitwa ubaoni hajasoma.

Wiki ya tatu ananivisha wavu usoni.
"Polepole. Usiwapumulie."
Mzinga unavuma kama darasa
kabla mwalimu hajaingia.
Nainua fremu, mikono inatetemeka,
na nyuki mmoja ananichoma
kidole kile kile cha chaki.

Eusebio anacheka:
"Basi. Umeshasajiliwa."