Jedwali la Machweo

Kwetu Upareni, alisema baba, jua lina adabu:
saa kumi na mbili linaaga, mwaka mzima,
na saa ya ukutani haibishi.
Jua la Aberdeen halijui Kiswahili.
Desemba linazama saa tisa u nusu, mchana,
samaki bado wanapita kwenye mkanda, kisu bado kina kazi;
Juni, saa nne za usiku, bado limeganda dirishani
kama mgeni asiyeelewa kwamba chai imekwisha.

Kanisa likatupa jedwali.
Mama akalibandika kwenye friji kwa sumaku ya umbo la kaa:
kila Ijumaa na dakika yake.
Karatasi hiyo ndiyo iliyotulea.

Ijumaa ya kwanza ya Desemba baba alivua aproni
saa tisa na robo, akanawa magamba hadi viwikoni,
akamwambia Murdo, msimamizi, kwa upole:
"Sabato inaingia."
Murdo akachungulia nje. Mvua tu.
"Inaingilia mlango gani?"
Jumatatu kadi ya baba haikufungua lango.

Mara tatu hivyo. Viwanda vitatu.
Mama alipiga deki wodini siku za Sabato
maana hospitali, walisema wazee wa kanisa, ni kazi ya huruma;
hakuna aliyeuliza huruma hiyo ilimwachia magoti ya namna gani.
Usiku alipanga sarafu mezani mafungu kumi,
fungu moja likaingia kwenye bahasha ya zaka
kabla ya umeme.
Tulikula ugali wa semolina, tukashukuru,
tukalala na makoti.

Lakini sitasema uongo ili shairi linyooke.
Nilimjua baba kabla ya jedwali.
Nilikuwa na miaka sita na nilizisoma hatua zake ngazini:
za polepole, heri;
za haraka, nikimbilie bafuni na Eliamini,
nimzibe masikio kwa viganja vyangu,
masikio yangu mwenyewe yakibaki wazi.
Chupa zile hazikumalizwa na daktari,
wala na polisi waliokuja mara mbili.
Alizimimina mwenyewe kwenye sinki, usiku wa ubatizo wake,
nywele bado zinachuruzika maji,
na mikono ileile ikajifunza kunisuka,
kila Ijumaa, mbiombio kabla jua halijazama,
mistari ikienda upogo.
Nilikwenda shule na kichwa upogo, nikiringa.

Halafu ile barua.
Eliamini ana miaka kumi na minne na mguu wa kushoto
ambao mtaa mzima ulitoka kuutazama.
Nembo ya klabu juu, sahihi chini, katikati:
majaribio, Jumamosi, saa nne asubuhi.
Baba aliisoma mara mbili, akaikunja.
Hakupiga kelele. Laiti angepiga.
"Mungu atakupa siku nyingine."
Siku ni saba. Wao walikuwa wametoa moja.
Jumamosi hiyo Eliamini alikaa kanisani kati yetu,
tukiomba, tukiimba, tukisimama, tukiketi,
na mguu ule ukagonga chini ya benchi, ukagonga,
mpaka mama akauwekea mkono juu, kama mtu anayemtuliza mbwa.

Sasa yuko Dundee, fundi wa lifti.
Haamini kitu, anasema, ila kamba za chuma.
Baba humwombea kwa jina kila alfajiri;
namba yake ya simu haijui.

Nilimtembelea Ijumaa moja mwisho wa Aprili.
Tulikuwa tukitazama mpira, chipsi mapajani.
Dirisha likaanza kugeuka rangi.
Akanyoosha mkono, akazima televisheni.
"Vipi?" nikauliza.
Akaitazama rimoti.
"Sijui."
Tukakaa hivyo gizani, watoto wawili wa mtu mmoja,
chipsi zikipoa.
Alipoiwasha tena goli lilikwishaingia,
watu wazima wanakumbatiana wakilia,
nasi hatukuona lilivyopita.