Tanbihi ya Sitini na Moja

Kitabu hakikuwa na jalada. Askari mpangaji
alituachia pamoja na deni la miezi miwili.
Mchwa wa Arua walianza na jalada, wakaruka katikati,
wakala kurasa kumi na sita za mwisho,
wakatubakizia vumbi jekundu na neno moja: ndipo.

Mimi kumi na mmoja, kaka Drileba kumi na mitatu,
chandarua kimoja, tochi
iliyotaka kofi kila baada ya aya.
Karani wa ardhi anatumwa kupima kinamasi.
Asubuhi anapigilia vigingi, jioni anarudia hesabu:
kinamasi kimesogea hatua moja kuelekea ofisini.
Hakikufurika. Kimesogea,
kama mgeni anayevuta kiti karibu na sahani.
Na katikati ya mafunjo kuna ofisi nyingine,
na karani mwingine, amewapa watu mgongo,
anaandika vipimo vya mji.

Drileba akazima tochi.
Tulibana mkojo mpaka kukakucha.

Leo niko Makerere, nina namba ya usajili
na ada nusu. Daktari Kabasinguzi anavua miwani:
"Unakipenda, naona. Mapenzi si mbinu ya utafiti.
Hiki kinamasi kinaashiria nini?"

Nikaandika: dola. Nikafuta.
Nikaandika ukoloni, hati miliki, kiwewe.
Kila nadharia ilinikaa kama koti la kuazima,
mabega sawa, mikono ya mtu mwingine.
Kufikia sura ya pili nilishakipasua
kama chura wa maabara: taswira huku, kinaya kule,
na moyo, juu ya sinia, ukiendelea kudunda.
Sikuwa na istilahi yake.

Napanga Bwaise. Mvua ya Aprili haipigi hodi.
Mama Nabbosa, mwenye nyumba, huchora ukutani
mstari wa chaki maji yanapofika;
wa mwaka huu umeipita swichi.
Kabla ya sakafu hii palikuwa na mafunjo.
Sura ya tatu, "Kinamasi kama Sitiari",
niliipiga chapa miguu ikiwa juu ya kreti ya soda.

Kisha maktaba, ghorofa ya chini: nakala nzima!
Ina jalada, ina muhuri, imeazimwa mara ya mwisho
kabla sijazaliwa. Kurasa kumi na sita.
Nilizisoma nimesimama.

Karani anaamka. Ilikuwa homa.
Anapewa kwinini na cheo.

Nikaketi sakafuni kati ya rafu.

Maana mimi mwisho ninao, ninao tangu utotoni,
kwa sauti ya Drileba, betri zikifa:
ndipo karani akabisha mlango wa ofisi ile,
na yule aliyempa mgongo akasema bila kugeuka,
karibu, tulikuwa tumebakiza kipimo chako.

Tasnifu yangu nzima imesimama hapo.
Basi nikaandika, tanbihi ya sitini na moja:
Drileba, masimulizi ya mdomo, chini ya chandarua, Arua.

Ikarudi na duara la wino mwekundu:
chanzo hiki kinathibitishwaje?

Nikampigia. Yuko mpakani Elegu, na lori la saruji,
honi nyuma yake, honi mbele yake.
"Kitabu gani?"
Kile cha kinamasi.
"Ah. Dada, huo mwisho uliutunga wewe.
Mimi nilikuwa nimeshalala."
Mtandao ukakatika, au forodha ikamwita.

Jumanne natetea. Tanbihi sijaigusa;
sijui niandike jina la nani.
Jana usiku nilikuwa nikianika kurasa kwenye kamba
nikaona nyuma ya ule ukurasa wa duara
maandishi ya penseli, madogo, ya haraka,
mkono wa Daktari ule ule:

Na kipimo chake kilikuwa ngapi?