Nne, Nne, Nne

Bohari ya chanjo, Tabora, mwezi wa kumi.
Mvua iko njiani na haina haraka.
Mimi Kalunde binti Igulu, fundi wa zamu,
nimekalia ndoo iliyopinduliwa
nikisikiliza mtambo ukivuta pumzi.

Watu husema mtambo huu unatengeneza baridi.
Hakuna anayetengeneza baridi.
Unabeba joto tu, kama mpagazi:
unalitoa ndani mzigo kwa mzigo,
unalitua nje nyuma ya ukuta,
unarudi kuchukua jingine.
Babu wa babu yangu alikuwa mpagazi.
Safari zake hakuna anayezikumbuka,
limebaki neno moja nyumbani kwetu:
usiuulize mzigo, sikiliza bega.

Basi nasikiliza.
Nagusa bomba la kwenda: la moto, sawa.
Nagusa bomba la kurudi: lina jasho, sawa.
Napitisha kitambaa kwenye maungio,
maana gesi ikivuja huacha mafuta kidogo,
kama mwizi wa maandazi aliyeshika mlango.

Kisha nafungua daftari.
Saa sita usiku: nne.
Saa tisa usiku: nne.
Saa kumi na mbili asubuhi: nne.
Nikaitazama saa ya ukutani.
Saa nane na dakika arobaini.

Mwandiko wa Mihayo, wino mmoja, mkao mmoja,
nne zimejipanga kama wanafunzi mstarini
mpaka Jumamosi. Leo Jumatano.
Sikukasirika papo hapo. Najua mkewe amelazwa,
najua akitoka hapa anapitia wodini na chupa ya uji.
Lakini nne hii ya Jumamosi,
Jumamosi imeijulia wapi?

Nikavaa koti, nikaingia.
Kipimajoto hakina mgonjwa wodini.
Kilisema: saba nukta sita.
Kikomo ni nane.
Vichupa vya surua vimelala kwenye trei,
kila kimoja na kimraba chake ndani ya duara,
kimraba kinachopata weusi kikionja joto
na kikishaupata
hakiuachi.

Nikatoka nje na tochi.
Feni inakoroma, mshale wa presha umepanda mlima,
na juu ya mvumo wa mtambo, mvumo mwingine,
mwembamba, wa zamani kuliko umeme.

Nyuki.

Wamejitundika kwenye mapezi ya kondensa,
mkungu mzima unaopumua.
Walifuata maji yanayodondoka kwenye mpira;
bondeni kote hakuna tone, siwalaumu.
Lakini mpagazi wetu alikuwa amezibwa pua.
Joto lilikosa pa kutua
likarudi ndani na mzigo wake.

Nikauzima. Nikawasha wa akiba:
ukakohoa mara mbili, ukashika.
Mlinzi Kapela, mtoto wa warina asali wa Sikonge,
akaja na moshi wa gunia na boksi tupu la sindano.
"Usilete dawa ya kupuliza," akasema.
"Hawa ni ng'ombe wa watu."
Akaongea nao Kinyamwezi, polepole,
kama anayemwamsha mkwe.

Nilizikata nne zote za mbele
kwa mstari mmoja mwembamba, zisomeke bado.
Nikaandika:
Saa tisa. 7.6. Sababu: nyuki.
Saa kumi. 6.9.
Saa kumi na moja. 5.8.
Stesheni treni ikapiga honi,
nikagundua nimeuma kofia ya kalamu ikapasuka.

Mihayo aliingia saa moja,
macho mekundu, chupa ya uji kwapani.
Akasoma daftari akiwa amesimama.
Hakusema. Sikusema.
Akavaa koti, akaingia chumbani,
akakaa humo muda mrefu
kuliko namba moja inavyohitaji.
Alipotoka alichukua kalamu yangu iliyopasuka
na kwa vidole vinavyotetemeka baridi akaandika
nne,
akaweka nukta,
akafikiri,
tatu.