Mteremko

Nimesimama wima mbele ya bamba la baridi, Nizwa,
kanzu ya hospitali hainifiki magotini,
bilauri mkononi: maji mazito, meupe,
kama chokaa iliyokorogwa kupakwa msikiti.
"Kunywa yote, baba, usipumzike," anasema Bindu
kwa Kiarabu chake cha Kerala,
na saa anaibonyeza.

Kazi hii naijua.
Miaka ishirini na sita nimekuwa karani wa falaji, Izki,
nagawa maji kwa athari; nusu saa, athari moja:
zamu ya Sleyum, zamu ya mayatima, zamu ya msikiti.
Marehemu mama, mzaliwa wa Wete, alilicheka neno hilo.
"Kwetu athari ni kinachobaki mtu akishaumia.
Nyie mnamwagilia mitende!"

Dakika ya kwanza. Picha.
Dakika ya pili. Picha.

Kabla ya kisu, weupe huu ulisimama kifuani mwangu
nguzo ya sentimita ishirini na moja,
na dakika ya tano, ishirini na moja vilevile.
Haba na haba, kibaba kikajaa,
na mlango wa chini haukusikia hodi.
Usiku wali wa mchana ulinirudia juu ya mto.
Harusini kwa mpwa wangu nilitafuna shuwa,
nikaitema kwenye leso, nikamsifu mpishi.
Kilo kumi na saba zikaenda zilikokwenda;
mshipi wa jambia niliutoboa kwa msumari, mara mbili.

Daktari Ibtihaji alinichorea kwenye bahasha.
"Msuli nimeupasua, mlango uko wazi.
Lakini umio wako hausukumi tena, wala hautasukuma.
Kitakachoshuka kitashuka kwa mteremko tu."
Akanitazama kama aliyenipa mkono wa taazia,
na mimi kicheko kimenibana mbavu, na mbavu zina nyuzi:
mwanamke huyu ananifundisha falaji!
Maji yetu hayakupewa mashine na waliochimba.
Walichopewa ni kuinama kidogo kwa ardhi,
shibri moja hapa, vidole viwili pale,
na yanafika.

Tena kuna karatasi ya maswali.
Chakula kinakwama? Kamwe, mara mojamoja, kila siku, kila mlo?
Kinarudi? Kifua kinauma? Umepungua?
Kila jibu na alama yake, sifuri mpaka tatu.
Nimejibu kama mdaiwa mbele ya kadhi: mara mojamoja.
Hawakuuliza, wala hapakuwa na kisanduku chake:
unapomeza, mkeo huacha kuongea?

Dakika ya tano. Picha.
Bindu ananiita niione.
Mbavu zangu, uti wa mgongo, kivuli cha moyo,
na kule chini kabisa utepe mwembamba,
kama maji yanayolala mferejini zamu ikishafungwa.
Anaweka rula ya kioo. "Sentimita mbili. Nzuri sana."
"Na hizo mbili?"
"Hizo hazina neno."
Izki watu wameshtakiana kwa maji machache kuliko hayo,
lakini sikumwambia.

Jioni ipo samli, upo mkate wa kumimina, ule wa mama,
Thuraya ameukata vipande vya kumtosha kifaranga.
Nina makovu matano tumboni, madogo kama punje za mtama;
mwenye kovu, walisema, usidhani kapoa.
Namega. Natafuna mpaka utamu unaisha.
Namsikia mjukuu akikatazwa kugonga kijiko.
Saa yangu nimeilaza pajani, chini ya pindo la kanzu,
mshale unatembea,
tonge linatembea,
moja wapo nalisikia, jingine naliomba.

Na Thuraya, ambaye kwa miaka miwili
amekuwa akinitazama koo kama anayesubiri maziwa yachemke,
anageuka kuchukua birika,
ananisimulia bei ya vitunguu sokoni, uwongo wa muuzaji, mizani yake mbovu,
na mimi bado sijamaliza kumeza.